Pipi za biskuti na chokoleti ya peremende bila tanuri: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Safu ya toleo hili tumeitenga kwa ajili ya barua za wasomaji wa Tanga waliouliza kuhusu pipi za biskuti zinazovikwa chokoleti yenye ladha ya peremende, zile ambazo hazipiti kwenye tanuri hata kidogo. Barua zilizouliza jambo moja tumezijumuisha na kuzijibu mara moja. Pale ambapo jibu letu linapingana na mapishi ya ughaibuni, msomaji ajue kwamba tumekusudia, kwa kuwa mapishi hayo yaliandikwa na watu wanaopika katika majiko yenye baridi, na jiko la Ngamiani wakati wa kaskazi halifanani nayo.

Shikamoo mama. Sina tanuri, nina jiko la gesi la sahani mbili na friji ndogo. Binti yangu alionjeshwa na rafiki yake biskuti nyembamba iliyofunikwa chokoleti inayoacha ubaridi mdomoni, na sasa hanipi nafasi ya kupumua. Je, naweza kuitengeneza nyumbani? — Mama wa Wawili, Chumbageni

Marahaba, mwanangu. Unaweza, tena ni katika vitu vyepesi kabisa kutengeneza, ilimradi ukubali kwamba hapa kazi inayofanywa na moto katika mapishi mengine inafanywa na friji. Ladha hiyo ina historia ndefu ughaibuni: huko Marekani maskauti wa kike huuza biskuti ziitwazo Thin Mints, na Uingereza kuna vibamba vya chokoleti viitwavyo After Eight vilivyoingia sokoni mwaka 1962. Hiyo unayoitaka ni njia ya mkato ya nyumbani, ambapo biskuti inanunuliwa ikiwa tayari na kazi yako ni kuivika tu.

Tafuta biskuti nyembamba na kavu zisizo na krimu katikati. Biskuti za Marie zinafaa, na zile ndogo za duara zenye chumvi kidogo zinafaa zaidi kwa maoni yangu, kwa sababu chumvi huzuia utamu usikinaishe. Kwa biskuti 30 ndogo utahitaji gramu 300 za chokoleti nyeusi au ya maziwa, pamoja na mafuta ya peremende yaliyotengenezwa kwa ajili ya chakula. Usifungue paketi ya biskuti mpaka dakika ya kuzichovya, kwa maana biskuti iliyolala wazi usiku mmoja katika hewa ya pwani huwa imekwisha kunywa unyevu, na biskuti iliyolegea haiponi hata uivike chokoleti ya bei gani.

Katakata chokoleti iwe vipande vidogo, uitie katika bakuli la bati au la kioo lililokauka kabisa. Chemsha maji kidogo katika sufuria, kiasi cha vidole viwili, kisha zima moto na uliweke bakuli juu ya mdomo wa sufuria huku kitako chake kikiwa hakigusi maji. Bakuli liwe pana kuliko sufuria ili mvuke usipate njia ya kupanda ubavuni na kuingia ndani. Koroga taratibu kwa mwiko mkavu. Theluthi mbili zikishayeyuka, ondoa bakuli, ulifute maji kitakoni, na uendelee kukoroga mpaka joto lililobaki limalize kazi. Mwenye maikrowevu aipashe kwa nusu ya nguvu, sekunde 30 kwa wakati, akikoroga kila mara, kwani chokoleti huungua ndani ilhali kwa nje inaonekana bado ina umbo lake.

Hapo ndipo unapotia mafuta ya peremende. Anza na matone manne kwa hizo gramu 300, koroga, onja, kisha ongeza tone moja moja. Ukishapitisha kipimo hakuna namna ya kurudi nyuma isipokuwa kuongeza chokoleti nyingine, na pipi iliyozidishwa peremende huwa na ladha ya dawa ya meno. Tumbukiza biskuti, igeuze kwa uma, inyanyue, gonga uma kwenye ukingo wa bakuli ili ziada idondoke, pangusa kitako, kisha ilaze juu ya karatasi ya kuokea iliyotandikwa katika trei. Trei hiyo iwe imekaa ndani ya friji tangu ulipoanza kukatakata chokoleti. Biskuti ikilazwa juu ya bati baridi huanza kushika mara moja, na haiachi dimbwi la chokoleti pembeni. Usijaze trei nzima kabla ya kuipeleka kwenye friji. Chovya nane au kumi, zipeleke, kisha endelea na nyingine. Baada ya dakika 15 hadi 20 zitabanduka zenyewe kwenye karatasi.

Kama utapenda pipi ya mviringo badala ya biskuti nzima, twanga gramu 200 za biskuti kwenye kinu mpaka ziwe unga, changanya na vijiko vitatu vya chakula vya kakao, siagi isiyo na chumvi gramu 60 iliyoyeyushwa na kupoa, na nusu ya kopo la gramu 397 la maziwa mazito yenye sukari. Tia peremende, ufinyange, uweke katika friji kwa saa moja, ndipo uviringe vidonge vya ukubwa wa kuingia mdomoni kwa mara moja, na utapata kama 30, kisha uvivike chokoleti kama zile biskuti. Mapishi mengi ya ughaibuni hutumia jibini laini ya krimu na biskuti nyeusi zenye krimu, mfano Oreo. Ni matamu, lakini jibini hiyo ina maji mengi, bei yake si ya kila nyumba, na kidonge chake hulegea upesi mno kwenye joto letu. Maziwa ya kopo hukaa imara zaidi na hayadai friji kwa ukali ule ule.

Bi Mwandishi, chokoleti yangu ilikuwa imeyeyuka vizuri, lakini nilipotia kijiko cha arki ya peremende iligeuka ghafla ikawa kama udongo mkavu. Nilidhani arki imeharibika, nikanunua nyingine, mambo yakawa yale yale. — Msomaji wa Makorora

Arki yako ni nzima. Chokoleti ni unga laini wa sukari na kakao unaoelea ndani ya mafuta, na haina maji karibu hata kidogo. Matone machache ya maji yakiingia, chembe za sukari huyadaka, hulowa juu juu, na kushikamana zenyewe kwa zenyewe, na hapo ndipo unapoona madonge. Arki nyingi za kioevu zina maji au pombe ndani yake, kwa hiyo kijiko kimoja kinatosha kabisa kuharibu bakuli zima. Mvuke wa sufuria, mwiko uliooshwa na kupanguswa nusu nusu, hata jasho la mkono, vyote hufanya kazi hiyo hiyo.

Dawa yake ni kutumia ladha iliyo katika mafuta badala ya arki ya maji. Soma chupa; ikiwa kiambato cha kwanza ni maji au pombe, itie kwenye mchanganyiko wa ndani wa vidonge, ambao hauogopi unyevu, na uiache chokoleti ya kuvika ibaki tupu. Ladha itafika mdomoni vile vile, na wapo wanaosema huwa nzuri zaidi, kwa sababu peremende hujitokeza baada ya chokoleti kuyeyuka.

Chokoleti iliyokwisha kuganda madonge usiitupe. Ajabu yake ni kwamba iliharibika kwa maji machache na itapona kwa maji mengi: tia maziwa au krimu ya moto, takriban kijiko kimoja cha chakula kwa kila gramu 60 za chokoleti, koroga kwa nguvu, na itarudi kuwa laini na kung'aa. Haitafaa tena kuvika biskuti kwa kuwa haitakauka, ila unaweza kuipaka katikati ya biskuti mbili, au kuichanganya katika unga wa vidonge ukipunguza maziwa ya kopo.

Asalaam alaykum. Pipi zangu hutoka kwenye friji zikiwa nzuri, lakini zikikaa mezani robo saa hutoa jasho, hushikana na vidole, na kesho yake huwa na mabaka meupe. Nimefuata mapishi kikamilifu, hata kijiko cha mafuta ya nazi nimetia kama ilivyoandikwa. Kosa liko wapi? — Msomaji wa Raskazone

Waalaykum salaam. Kosa liko katika kijiko hicho, na aliyekuandikia mapishi hakukosea kwa upande wake. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi. Katika nchi ya baridi yakitiwa kwenye chokoleti husaidia kuifanya iwe nyepesi wakati wa kuchovya, kisha huganda pamoja nayo. Wewe mwenyewe unajua kwamba chupa ya mafuta ya nazi nyumbani kwako huwa kioevu karibu mwaka mzima. Sasa ukiyatia kwenye chokoleti unatarajia yakaganda wapi? Nazi ni fahari yetu na hatuikani, lakini katika kazi hii iache kwenye kashata.

Hata bila mafuta hayo, chokoleti halisi ina shida na pwani. Mafuta yake, yaani siagi ya kakao, huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na huanza kulegea mapema kabla ya hapo. Jambo hilo ndilo linaloifanya iyeyuke kwa raha mdomoni, ambamo mna nyuzi 37, na ndilo hilo hilo linaloifanya iwe taabu mchana wa Februari hapo Raskazone. Isitoshe, siagi ya kakao inaweza kuganda kwa maumbo kadhaa, na ni umbo moja tu linalotoa mng'ao, mlio wa kukatika, na ustahimilivu unaotakiwa. Chokoleti iliyoyeyushwa ovyo na kugandishwa ovyo huishia katika maumbo dhaifu. Baada ya siku moja au mbili mafuta husogea juu na kutokeza yale mabaka. Hayana madhara kwa mlaji, ni sura tu iliyoharibika.

Ukitaka kutumia chokoleti halisi, basi iongoze. Yeyusha theluthi mbili ya chokoleti nyeusi mpaka nyuzi 45 hadi 50, ondoa kwenye joto, kisha tia theluthi iliyobaki ikiwa imekatwa vipande vidogo vidogo, na ukoroge bila kuchoka mpaka kipimajoto kisome 31 au 32. Kwa chokoleti ya maziwa usipitishe 45 wakati wa kuyeyusha, na ushuke hadi 29 au 30. Vipande ulivyoongeza tayari vina lile umbo zuri, navyo huifundisha chokoleti yote iliyobaki kuganda hivyo hivyo. Kuijaribu, paka kidogo kwenye ncha ya kisu: mahali pa baridi ikauke ndani ya dakika tano hivi na iwe na mng'ao. Tatizo utaliona mwenyewe: ikiwa chumba chako kina nyuzi 31, chokoleti haitashuka wala haitakauka hata ukoroge mpaka magharibi. Kwa hiyo kazi hii ifanye alfajiri, au ingoje miezi ya kipupwe, kati ya Juni na Agosti, au uwe na chumba chenye kiyoyozi. Kwa miezi iliyobaki mimi simshauri mtu kuhangaika.

Njia ya watu wa pwani ni kutumia chokoleti ya kompaundi, ile inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya keki ikiwa katika matofali makubwa au vidonge. Ndani yake siagi ya kakao imeondolewa na mahali pake pamewekwa mafuta mengine ya mimea, mara nyingi ya kokwa za michikichi, yanayoganda yenyewe bila kuhitaji kipimajoto. Ladha yake ni duni kidogo, hilo sitalificha, na mlaji makini hung'amua utando mwembamba wa mafuta kwenye kaakaa; lakini peremende hufunika mengi. Ikiwa nzito mno kuchovya, tia kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia yale yanayoganda, kwa kila gramu 300. Tahadhari moja kubwa: usichanganye kompaundi na chokoleti halisi katika bakuli moja ukidhani unaboresha ladha. Mafuta hayo mawili hayaelewani. Mchanganyiko wake hubaki laini na kutoa mabaka upesi kuliko kila kimoja kikiwa peke yake.

Jasho nalo ni suala jingine. Kitu baridi kikitolewa katika hewa yenye unyevu, mvuke hugeuka maji juu yake. Maji hayo huyeyusha sukari ya juu, na yakikauka huacha ukungu mweupe wenye chengachenga. Ziweke pipi katika bakuli lenye mfuniko unaobana kabla ya kuziingiza kwenye friji, na ukizitoa usifungue mara moja. Acha bakuli likae limefungwa dakika 20 hivi, ili jasho litokee nje ya mfuniko badala ya juu ya pipi. Mfuniko huo una faida nyingine kwa nyumba zetu: mafuta ya chokoleti hunasa harufu za jirani, na friji yenye nguru wa jana si jirani mwema.

Mimi niko Lushoto, ambako hatukosi baridi, lakini mafuta ya peremende hayapatikani. Nina shina kubwa la nanaa karibu na bomba. Je, naweza kuyatumia majani yake? — Mkulima wa Mboga

Unaweza, na heri yako kwa hiyo baridi. Chokoleti halisi inayowashinda wenzako wa mjini wewe utaimudu. Majani mabichi, hata hivyo, usiyakatie ndani ya chokoleti iliyoyeyuka, kwa sababu yamejaa maji na yatakuletea yale madonge aliyoyapata msomaji wa Makorora. Harufu ya nanaa imo katika mafuta ya majani, nayo hupenda kuhamia kwenye mafuta mengine, kwa hiyo ipe mahali pa kuhamia.

Chukua krimu mililita 120, ipashe moto mpaka ianze kutoa mvuke bila kuchemka, tumbukiza konzi moja ya majani yaliyooshwa na kukaushwa, funika, na uache nusu saa. Usizidishe muda wala moto, kwani majani yakipikwa hutoa uchungu wa nyasi. Chuja, ukiyaminya kidogo tu, pasha tena hiyo krimu na uimimine juu ya gramu 200 za chokoleti iliyokatwakatwa. Ngoja dakika mbili, kisha koroga kuanzia katikati kwenda nje. Ikishapoa na kuwa nzito, ipake katikati ya biskuti mbili, zipoze katika friji, halafu uzichovye katika chokoleti tupu. Kwa kuwa kuna krimu ndani, zikae kwenye friji na zisipite siku nne. Maziwa ya kopo pia hupokea nanaa vizuri kwa namna hiyo hiyo, kwa moto mdogo, na yatafaa kwa vidonge vya mviringo.

Usishangae ladha ikitofautiana na ile ya dukani. Peremende ni mmea chotara uliotokana na nanaa ya majini na nanaa ya kawaida, na ina kwa wingi mentoli, kile kitu kinacholeta ubaridi mdomoni. Nanaa inayotiwa kwenye chai mara nyingi ni ile ya kawaida, ambayo harufu yake hutokana na kitu kingine kiitwacho kavoni, na mentoli yake ni haba. Itafune jani moja kisha uvute pumzi kwa mdomo. Ukihisi ubaridi mkali, shina lako ni peremende. Ukihisi harufu tamu tu, ni nanaa ya chai. Mimi binafsi naipenda hiyo ya pili zaidi katika chokoleti nyeusi, kwa kuwa haigombani nayo.

Kwa nini pipi ya peremende huhisiwa baridi hata kama haikutoka kwenye friji? — Mwanafunzi wa sekondari, Pongwe

Kwa sababu mentoli huidanganya neva. Mdomoni na kwenye ngozi kuna vipokezi vinavyofunguka joto linaposhuka na kupeleka habari kwenye ubongo kwamba kuna baridi. Mentoli hujishikiza kwenye vipokezi hivyo na kuvifungua ingawa joto halijabadilika. Watafiti David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa njia yake, walitumia mentoli kukitambua kipokezi hicho mwaka 2002, na mwaka 2021 walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yao kuhusu jinsi mwili unavyohisi joto na mguso. Ukinywa maji baada ya pipi hiyo utayahisi kuwa ya barafu, kwa maana vipokezi vimekwisha amshwa.

Nyumbani kwetu hatutumii pombe kwa namna yoyote. Nimesikia arki zina pombe. Pia, je, naweza kutumia mafuta ya peremende ya duka la dawa? Nina mtoto wa mwaka mmoja. — Mama wa Ngamiani

Ni kweli kwamba arki nyingi hutengenezwa kwa kulowesha majani au maganda katika pombe. Zipo zisizokuwa nayo, na mafuta halisi ya peremende hayahitaji pombe. Soma maandishi ya chupa, na ikiwa haielezi, iache. Kuhusu hukumu ya kiasi kidogo kinachobaki katika chakula, muulize mwanachuoni unayemwamini, kwani si kazi ya safu ya mapishi.

Kuhusu swali la pili najibu kwa mkazo: usitumie mafuta yoyote ya kuchua, ya kunusa, wala ya mafua. Hayakutengenezwa kuliwa, na baadhi yake yamechanganywa na vitu kama methili salisileti, ambavyo hata kijiko kimoja cha chai kinaweza kumdhuru vibaya mtoto. Nunua yale tu yaliyoandikwa kuwa ni ya chakula, na chupa yenyewe iweke juu kabisa kwenye kabati. Mtoto wa mwaka mmoja mwache kabisa na pipi hizi, si kwa ajili ya peremende kali peke yake, bali pia kwa sababu kidonge kigumu cha mviringo kinaweza kumkaba.

Hatuna friji. Je, barafu ya kununua inatosha? — Kijana wa Pangani

Inatosha ukiwa na boksi la baridi lenye mfuniko mzuri. Panga barafu ndani ya mifuko iliyofungwa chini ya boksi, weka trei juu yake, na uzifunike pipi zisiguswe na maji yanayoyeyuka. Tumia kompaundi, chovya chache kwa wakati, na boksi liwe la kazi hiyo tu. Lile linaloshuka na samaki kwenye soko la Deep Sea liache liendelee na kazi yake.

Nataka kuziuza kwa wanafunzi na kwenye sherehe. Nianzie wapi, na mbona chokoleti imekuwa ghali hivi? — Msomaji wa Mabawa

Nianze na swali la mwisho. Mwaka 2024 bei ya kakao katika soko la dunia ilipita dola 10,000 kwa tani, ilhali kwa miaka mingi kabla ya hapo ilikuwa ikicheza kati ya dola 2,000 na 3,000. Kodivaa na Ghana, ambazo kwa pamoja huzalisha zaidi ya nusu ya kakao yote duniani, zilipata mavuno mabaya kutokana na hali ya hewa na magonjwa ya mimea. Sisi tuna kakao yetu ya Kyela, lakini sehemu kubwa huondoka nchini ikiwa mbegu kavu, na chokoleti tunayoinunua dukani hurudi na bei ya wengine. Viwanda vingi navyo vimezidi kuelekea kwenye kompaundi, kwa hiyo usidhani unamdhulumu mteja ukiitumia. Utamdhulumu tu ukimwambia ni chokoleti halisi.

Kwa biashara, chagua biskuti nzima iliyochovywa na uachane na vidonge vya mviringo. Biskuti kavu ndani ya kompaundi, ikifungwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi, hukaa wiki mbili bila kupoteza ukavu wake. Vidonge vya maziwa ya kopo huhitaji friji na viliwe ndani ya wiki. Unapopiga hesabu, pima chokoleti kabla na baada ya kuchovya, maana ile inayobaki kwenye bakuli na kwenye karatasi ni pesa yako pia, kisha ujumlishe biskuti zilizovunjika, gesi, umeme wa friji na karatasi za kufungia. Watu wengi huhesabu chokoleti na biskuti peke yake, halafu hushangaa faida imekwenda wapi. Zilizovunjika zitwange ziwe unga wa vidonge vya nyumbani.

Andika kwenye kifungashio kwamba mna ngano na maziwa, na kama jikoni mwako mnapita karanga, taja na karanga, kwa sababu wapo watoto wanaodhurika nazo. Usajili wa vyakula na wa majengo ya kutengenezea vyakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019, na ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, huwasaidia wajasiriamali wadogo kupata mafunzo na maelekezo kabla ya kufika huko. Anza na oda za sherehe za jioni, ambako unafikisha mzigo saa moja kabla ya kuliwa, kabla ya kujaribu kuwauzia wanafunzi wanaotoka shuleni saa nane mchana. Kaskazi likishika kasi, kati ya Januari na Machi, hata kompaundi hukosa adabu ndani ya bajaji. Miezi hiyo pokea oda za asubuhi peke yake, au uza kashata mpaka kusi lianze.